Moyo kwenye nembo: kwa nini mabango ya Kigoma yanafanana, na moyo uchorweje ukawa wako

Ukisoma mabango kutoka Mwanga hadi Ujiji, moyo mwekundu utakusindikiza njia nzima. Upo kwenye zahanati, upo saluni, upo kwa muuza keki na kwa fundi anayeshona magauni ya harusi, na sasa umeingia kwenye lebo za sabuni na madumu ya mawese. Kila aliyeuchagua alikuwa na sababu ya maana: unaeleweka hata na asiyesoma, unapendeza, na hauna ubaya na mtu. Lakini jirani yake naye alikuwa na sababu hizo hizo. Kazi ya kwanza ya nembo ni kumtofautisha mwenye nayo na wengine, na moyo mtupu, ulivyopakuliwa kwenye simu, hauiwezi kazi hiyo.

Kwa hiyo dizaina anayeulizwa na mteja wake kama aweke moyo asikatae papo hapo, wala asikubali upesi. Auulize moyo huo maswali mawili. Umebeba nini kingine ambacho ni cha biashara hii peke yake? Na utabaki moyo ukishachapwa kwenye fulana kwa skrini (ule wavu wa kupitishia wino), mhuri, karatasi ya risiti na bango linalopigwa jua mwaka mzima? Ukishindwa swali lolote kati ya hayo, ni afadhali jina la biashara liandikwe vizuri, lisimame lenyewe.

Mfano unaotajwa kila mara ni ule wa New York, nembo ya “I ♥ NY”, yaani “naipenda New York”. Mwaka 1976, jiji hilo likiwa limetoka kuponea chupuchupu kufilisika, dizaina Milton Glaser alichora wazo lake kwa krayoni nyekundu kwenye kipande cha bahasha akiwa ndani ya teksi. Hakudai malipo. Kampeni ikazinduliwa 1977, na kipande kile leo kimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la MoMA. Wengi wanaiga moyo wake na kuacha kazi iliyofanyika kuuzunguka. Kuna herufi I na moyo juu, N na Y chini: vitu vinne, safu mbili, basi. Herufi ni za American Typewriter, zenye ncha za mviringo, na mikunjo ya moyo inarudia mviringo huo huo. Ukubwa wa moyo unalingana na wa herufi, kwa hiyo jicho linausoma kama herufi ya nne. Ukiutoa hapo ukaupeleka kwenye fulana ya Kigoma na herufi zozote, unachobaki nacho ni moyo wa kila mtu, na mpangilio unaomkumbusha mnunuzi mji mwingine.

Kwamba siri ipo kwenye undani huo ilionekana 2023, kampeni mpya ya jiji ilipotoka na maneno “We ♥ NYC”, herufi zikabadilishwa na moyo ukatiwa kivuli kama emoji. Wakazi wengi waliipokea kwa kejeli. Moyo ulikuwepo, rangi ilikuwa ile ile, ila kile kilichoufanya moyo ule kuwa wa New York kilikuwa kimeondolewa.

Kuna njia nyingine ya kuumiliki moyo, nayo ni fedha. Aisikrimu za Unilever zilipewa nembo moja ya moyo mwaka 1998, jina likibaki la kila nchi: Wall's Uingereza, Algida Italia, Langnese Ujerumani, Ola Afrika Kusini. Ule moyo haukuwa na ugeni mkubwa. Ulizoeleka kwa sababu ulibandikwa kwenye friji za maduka nchi baada ya nchi bila kuchoka. Mwenye duka la Katubuka hana bajeti ya kurudia kitu mpaka kizoeleke. Yeye lazima umbo lenyewe limfanyie kazi mara ya kwanza linapoonekana. Tazama moyo wa lebo ya mavazi ya Comme des Garçons Play, uliochorwa na Filip Pagowski: mkono wa mchoraji unaonekana kwenye mstari usionyooka, na umewekewa macho mawili. Macho mawili tu, na hakuna anayeuchanganya na moyo mwingine.

Suala zito zaidi ni maana, kwa sababu moyo hauingii kwenye lebo ukiwa umenyamaza.

Mwaka 2014 maduka ya dawa ya CVS nchini Marekani yaliacha kuuza sigara na tumbaku, kampuni ikakadiria kupoteza mauzo ya karibu dola bilioni 2 kwa mwaka, na mwaka huo huo ikajiita CVS Health na kuweka moyo kwenye nembo yake. Moyo ule ulikuwa na tendo nyuma yake. Sasa weka moyo kwenye dumu la lita 5 la mawese. Kwenye chakula, moyo husomwa kama kauli ya afya. Shirika la American Heart Association lina alama yake ya moyo yenye tiki, tangu 1995, inayotolewa tu kwa vyakula vilivyotimiza masharti ya lishe, yakiwemo ya mafuta na chumvi. Mawese yana sifa zake za kweli: yale mekundu yasiyosafishwa yana karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, aina ambayo wagonjwa wa moyo hushauriwa kuipunguza. Mama aliyeambiwa na daktari ajihadhari na mafuta akaona moyo kwenye dumu, atadhani dumu hilo limetengenezwa kwa ajili yake. Kumwacha adhani hivyo ni kumpotosha, hata kama mwenye lebo hakukusudia. Tangu 2019 usimamizi wa chakula na lebo zake uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kauli za afya zisizo na ushahidi si jambo la kuingiza kwenye lebo kwa mlango wa picha.

Asali ya Kibondo na Kasulu iko hivyo hivyo: ni sukari, nzuri, lakini sukari. Kwenye sabuni ya mawese moyo hauna madhara ya namna hiyo, na kwenye keki ya harusi uko nyumbani kwao.

Zahanati zina mitego yao. Mtego wa kwanza ni ule mstari wa mapigo ya moyo unaopita katikati. Mstari huo unatangaza huduma ya kupima moyo, na mgonjwa anaweza kupanda gari kutoka Uvinza akiutegemea. Kama hakuna kipimo hicho ndani, uondolewe. Mtego wa pili ni kuchanganya moyo na msalaba mwekundu kwenye mandhari meupe. Msalaba huo umelindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 na si alama ya jumla ya hospitali wala duka la dawa. Badili rangi ya msalaba uwe wa kijani, au weka msalaba mweupe juu ya kijani, na hapo umetoka kwenye hatari.

Ndimi za moto juu ya moyo, au taji la miiba kuuzunguka, ni jambo jingine kabisa. Huo ni Moyo Mtakatifu wa Yesu, ibada iliyoenea Ukatoliki wote baada ya njozi za Mtakatifu Margareta Maria Alacoque huko Ufaransa, 1673 hadi 1675. Dizaina anayeongeza moto ili “kuupa moyo nguvu” kwenye nembo ya genge la kuchoma nyama anawaudhi Wakatoliki wa Kasulu na kuwachanganya Waislamu wa Ujiji kwa mkupuo mmoja.

Na kwenye simu, tangu Twitter ilipobadili nyota kuwa moyo Novemba 2015, kufuata njia ambayo Instagram ilikuwa nayo tayari, moyo mwekundu mdogo umekuwa kitufe. Picha ya wasifu yenye moyo mtupu inapita machoni kama sehemu ya programu yenyewe.

Kitu cha pili cha kuubebesha moyo kitoke wapi, basi? Kwa mkoa huu hakuna haja ya kwenda mbali. Punje ya chikichi ina umbo la yai lenye ncha, nyeusi upande mmoja na nyekundu ya machungwa upande mwingine. Laza punje mbili ziegemeane, ncha zikutane chini, utapata moyo ambao mtu wa Simbo au Mwandiga ataona ni chikichi kabla hajaona moyo. Unatosha sabuni, unatosha kikundi cha kina mama wanaokamua, unatosha hata duka la miche. Migebuka wawili waliopinda, midomo ikitazamana juu na mikia ikipishana chini, watamfaa mama lishe. Ule mchoro wa korosho uliomo kwenye kanga nyingi, ukiuchukua mara mbili na kuugeuza mmoja, ni moyo tayari, na unamfaa muuza kanga kuliko moyo wowote wa kupakua. Kipimo ni rahisi. Funika jina la biashara, onyesha mchoro kwa sekunde tano kwa mtu asiyeijua kazi yako, kisha muulize ni biashara gani. Akisema “mapenzi”, rudi mezani.

Sasa uchoraji, maana hapa ndipo mioyo mingi inapoharibika kabla hata ya kuchapwa. Fundi wa bango huanza na mraba uliosimama kwa pembe. Tuseme ubavu ni sentimita 30. Tafuta katikati ya kila ubavu wa juu, piga msumari, funga uzi wa sentimita 15, zungusha nusu duara kwa nje. Ondoa mistari ya ndani. Una moyo wenye upana wa sentimita 51 na urefu wa 47. Ni sahihi kihesabu, lakini machoni ni mnene, kwa sababu ncha yake ya chini ina pembe ya nyuzi 90 kamili na mfereji wa juu, pale mabega mawili yanapokutana, una kina cha karibu sentimita 4 na nusu tu. Shusha ncha sentimita 5, kisha nyoosha mistari miwili mipya kutoka hapo hadi iguse maduara bila kuyakata. Pembe inapungua hadi karibu nyuzi 78, na urefu unakuwa 52, karibu sawa na upana. Halafu chimba mfereji hadi sentimita 9 au 10. Mabadiliko hayo mawili yanatosha kuuchangamsha moyo wote, na ndiyo yatakayouokoa ukipunguzwa ukubwa.

Ukiuweka mstari mmoja na herufi, usiulinganishe kwa rula. Mduara na ncha huonekana vidogo kuliko vilivyo. Mabega yapite juu ya kichwa cha herufi kwa asilimia 2 hadi 3, na ncha ishuke chini ya mstari wa herufi zaidi ya hapo kidogo. Ukiuweka ndani ya duara, kama WhatsApp inavyozikata picha za wasifu, usitumie kitufe cha kuweka katikati ukaishia hapo. Uzito wa moyo uko juu, kwa hiyo ukiwekwa katikati kwa vipimo vya mashine utaonekana umepaa na mabega yatasogea karibu na ukingo. Ushushe kwa asilimia 5 hadi 7 ya urefu wake.

Upunguze sasa hadi upana wa milimita 6, ukubwa wa moyo kwenye mfuko wa fulana au pembeni ya lebo. Mfereji wa ule moyo wa kwanza, ambao haukurekebishwa, umebaki nusu milimita. Skrini inayotumika sana kwa nguo ina nyuzi 43 kwa kila sentimita, maana yake uzi na uzi wamepishana kwa milimita 0.23. Mfereji wako wote ni nyuzi mbili. Wino ukisukumwa mara ya pili umejaa, na fulana inatoka na kitu kama kiazi chenye ncha. Si kosa la mchapaji. Tengeneza toleo la pili la nembo kwa matumizi madogo, mfereji ukiwa robo ya urefu na mdomo wake ukiwa mpana, wala usione haya kwamba matoleo mawili hayafanani kabisa. Kwa karatasi na plastiki laini, skrini ya nyuzi 77 na kuendelea inasaidia, lakini wino mzito wa nguo haupiti humo vizuri.

Kudarizi kuna tabia nyingine. Uzi unavuta kitambaa kuelekea upande unaoshonwa, hivyo moyo ulioshonwa kwa mistari ya kulala unatoka mwembamba, na ukiwa na mzingo wa rangi nyingine, kitambaa kinachungulia katikati ya mzingo na moyo. Fundi wa mashine aongeze milimita 0.3 kila upande kwenye faili. Ncha ya chini ikatwe iwe butu kwa milimita moja, la sivyo sindano itarudi pale pale mara nyingi, nyuzi zitaota fundo na mara nyingine kitambaa cha sweta kitatoboka. Mioyo miwili iliyopishana kama pete, pambo la kadi za harusi, usiipeleke kwenye mashine ya kudarizi chini ya sentimita 2. Haitoki.

Risiti za mashine huchapwa kwa joto, nukta 8 kwa kila milimita, nyeusi tupu. Kwenye karatasi ya milimita 58 eneo linalochapika ni milimita 48, yaani nukta 384. Hakuna nyekundu, hakuna kijivu, na moyo wenye kivuli unatoka na madoa. Kwa hiyo chora nembo nyeusi kwanza, na ikishakubalika hivyo ndipo ipakwe rangi. Wanaoanza na rangi hugundua shida wakati mabango yameshalipiwa. Mhuri nao haupendi mstari mwembamba kuliko milimita 0.3.

Juani, nyekundu ndiyo inayotia hasara. Kwenye bango la flexi haichapwi kwa wino mwekundu. Ni majenta (waridi iliyokolea) juu ya njano, na wino hizo mbili huchoka mapema kuliko nyeusi na samawati. Bango linalotazama magharibi, upande wa ziwa, linapigwa jua la alasiri bila kivuli, na moyo unaishia rangi ya waridi iliyopauka wakati jina limebaki jeusi vile vile. Dawa yake ni kuchapa bango bila moyo, kisha kuukata moyo kwenye stika nyekundu ya nje kwa plota, mashine ya kukata stika, na kuubandika juu. Rangi ya stika imo ndani ya plastiki yenyewe. Kwenye bango la bati, rangi ya mafuta ya kupaka kwa mkono bado inashinda uchapaji mwingi wa bei ya chini, na mafundi wa brashi waliobaki mjini wanastahili kazi hiyo.

Nyekundu juu ya nyeusi ikionekana vizuri kwenye simu isikudanganye. Kwenye bango la jioni inazama. Izungushie mzingo mweupe, unene wa angalau sehemu moja ya ishirini ya upana wa moyo.

Bado kuna umiliki. Wengi wakishasajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) wanaamini nembo nayo imelindwa. Haijalindwa. Nembo husajiliwa kama alama ya biashara au huduma, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, Sura ya 326, kwa maombi tofauti yanayopitia mfumo wa mtandaoni wa BRELA. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Unaomba kwa madaraja ya bidhaa: mafuta ya kula ni daraja la 29, asali daraja la 30, sabuni ya kuogea daraja la 3, huduma za afya daraja la 44. Mwenye mawese na sabuni kwa nembo moja anahitaji madaraja mawili. Usajili wa Tanzania Bara hauvuki kwenda Zanzibar, ambako kuna ofisi yake.

Moyo mtupu haupiti kirahisi, kwa kuwa hautofautishi bidhaa yako na ya mwingine. Ukipita ndani ya mchoro mkubwa zaidi, ulinzi unakuwa wa mchoro mzima, na mshindani anaweza kutumia moyo wake kwa amani. Ule wa punje za chikichi una nafasi nzuri zaidi, mradi uchorwe upya na mtu unayemfahamu. Hapa kuna kosa linaloumiza kimya kimya: mchoro uliochukuliwa kwenye hazina ya Canva. Masharti yake yanaruhusu kuutumia, lakini hayakupi haki ya kuusajili kuwa alama yako, kwa kuwa mchoro huo huo umeruhusiwa kwa kila mtumiaji mwingine. Maumbo ya msingi na herufi hayana kizuizi hicho, kwa hiyo ukijenga moyo wako mwenyewe kwa mraba na maduara mawili, kama ilivyoelezwa juu, uko salama kwa upande wa Canva.

Mkishakubaliana na dizaina, andikeni kwenye karatasi moja, kabla ya malipo ya mwisho, kwamba haki za mchoro zimehamia kwa mwenye biashara. Kisha dai faili za vekta, zinazokuzwa bila kuharibika, za PDF au SVG, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro. JPG ya kutumwa WhatsApp haitoshi, inabanwa njiani na ikifika kwa mwenye plota haikatiki. Dai toleo la rangi, toleo jeusi, toleo dogo lenye mfereji mpana, na namba za rangi zilizoandikwa. Kwa nyekundu safi ya uchapaji andika samawati 0, majenta 100, njano 100, nyeusi 0, ili mchapaji wa Kasulu na wa Kigoma mjini wasikadirie kila mmoja kwa jicho lake. Na kabla ya kuagiza fulana mia, lipia moja.